Jipu la Kinenani na Chanzo Chake Mgongoni

Mtu akiingia buchani na kutaka nyama iliyo laini kuliko zote, muuzaji humtajia bei kwanza, kisha hupeleka kisu ndani ya mzoga, chini ya mifupa ya kiuno, akachomoa kipande kirefu kilicholala kando ya uti wa mgongo. Kipande hicho ndicho sarara. Ni laini kwa sababu ng'ombe, mnyama wa miguu minne, hakipi kazi nzito. Tena kimefichwa mno: juu yake ni mifupa, chini yake ni matumbo, na hakuna akionaye mpaka ng'ombe afunguliwe.

Binadamu naye anazo sarara zake mbili, moja kila upande wa mgongo. Madaktari huuita musuli huo soasi, jina lililotoka katika neno la Kiyunani la viuno. Lakini soasi ya binadamu haikai bure. Mtu apandapo ngazi, ainuapo mguu kuruka mtaro, au ajiinuapo kitandani alfajiri, soasi ndiyo ifanyayo sehemu kubwa ya kazi hiyo. Yafaa msomaji aijue njia ya musuli huu kutoka juu mpaka chini, kwa maana uko ugonjwa mmoja mbaya ambao huifuata njia hiyo hatua kwa hatua, ukatokea mahali ambapo hakuna mtu angeutazamia.

Ukuta wa nyuma wa tumbo umejengwa hivi. Katikati zimepangwa pingili 5 za kiuno, nazo ni nene kuliko pingili nyingine za mgongo. Musuli wa soasi huanza penye pingili ya mwisho ya kifua, ukazishika pingili zote za kiuno pamoja na gegedu zilizo kati yao, ukateremka ukingoni mwa mfupa wa nyonga, ukapenya chini ya kano ya kinena, na mwisho ukajifunga katika kinundu kidogo cha mfupa wa paja, upande wa ndani. Katika bakuli la mfupa wa nyonga umelala musuli mwingine mpana uitwao iliakasi, nao huungana na soasi kabla ya kufika pajani, hata hiyo miwili ikawa kama kamba moja. Kando yake, kati ya ubavu wa 12 na mfupa wa nyonga, upo musuli wa pembe nne. Huu huushikilia ubavu wa mwisho mtu avutapo pumzi, na ndio umzuiao mwenye kubeba debe la maji kwa mkono mmoja asilale upande. Watu wengine wana soasi ndogo mbele ya ile kubwa. Wengi hawana, wala hawapungukiwi na kitu.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni kwamba soasi imevikwa utando mgumu, kama kisu kilivyotiwa katika ala yake. Ala hiyo huanza juu chini ya kiwambo kitengacho kifua na tumbo, ikashuka pamoja na musuli mpaka kinenani. Kitu chochote cha majimaji kikiingia katika ala hiyo kwa juu hakitawanyiki tumboni. Huteremka.

Sasa ugonjwa wenyewe. Watu wengi hudhani kwamba kifua kikuu ni maradhi ya mapafu peke yake, ya kukohoa na kutema damu. Kweli mapafu ndiyo makao yake makubwa, lakini vijidudu vyake huweza kuchukuliwa na damu vikaenda kukaa mahali pengine, na katika mifupa yote hupenda zaidi pingili za mgongo, hasa zile za chini ya kifua na za juu ya kiuno. Huko huanza kuila pingili upande wa mbele, karibu na gegedu, kisha huingia katika pingili ya jirani. Mifupa hiyo ikisha kulika hushindwa kuchukua uzito wa mwili, ikabonyea upande wa mbele, na mgongo ukatokeza nyuma kama pembe. Ndicho kibiongo ambacho watu wengi wa zamani walikihesabu kuwa maumbile tu, au uchawi.

Lakini kabla ya kibiongo kuonekana, na pengine bila ya kibiongo kuonekana kamwe, usaha wa mfupa ulao hutafuta njia. Kwa kuwa soasi imeshika pingili zile zile, usaha huingia katika ala yake na kushuka polepole, kwa majuma au kwa miezi, mpaka utokee chini ya kano ya kinena kama uvimbe laini. Hata ukiwa umeanza juu, katika pingili za kifua, huweza kupita chini ya tao la kiwambo na kuingia katika njia ile ile. Basi mgonjwa mwenye ugonjwa wa mgongo huja akionyesha paja lake.

Mfano ni huu. Kijana mchukuzi wa magunia hupata maumivu ya kiuno, naye hudhani ni kazi. Nani asiyeumwa na kiuno kwa kubeba magunia? Jioni hupata homa kidogo, usiku hutoka jasho, na mshipi wake sasa humtaka atoboe tundu jingine kwa kukonda. Kisha huanza kuchechemea, akitembea na paja lililokunjika kidogo, kwa sababu soasi iliyoudhika hujikaza na haitaki kunyoshwa. Mwisho uvimbe hutokea kinenani. Mama yake huutazama na kusema, "Mwanangu, huu ni mtoki. Umejikwaa wapi?" Naye hutafuta kidonda katika vidole vya miguu yake, maana kila mtu ajua kwamba kidonda cha mguu huleta mtoki. Asipokiona kidonda husema labda kimekwisha kupona.

Mama huyo hana kosa. Mitoki mingi hutoka kweli katika vidonda vya miguu, naye amesema alilolijua kwa kuona. Hata jirani ambaye angesema ni ngiri angekuwa na sababu, kwa maana uvimbe huu huweza kupungua mtu alalapo chali na kusukuma kidogo akohoapo, kama ngiri ifanyavyo. Tofauti zipo, lakini ni za kutafutwa na mkono uliofundishwa. Jipu la kawaida huwa la moto, jekundu, lenye kupwita, na mwenyewe hawezi kuvumilia liguswe. Jipu hili ni baridi. Ngozi yake haikubadilika, na mgonjwa hulibonyeza mwenyewe bila kupiga kelele. Daktari huweka mkono mmoja juu ya uvimbe na mwingine tumboni, juu ya kano ya kinena, akabonyeza kwa zamu. Akihisi maji yanakwenda na kurudi kati ya mikono yake miwili, atajua ya kuwa uvimbe wa pajani na uvimbe wa tumboni ni mfuko mmoja uliofungwa kiunoni na kano.

Hatari kubwa huja wembe utokapo. Jipu la kawaida likitumbuliwa usaha hutoka na mtu hupona. Jipu hili likitumbuliwa usaha hutoka pia, mwingi na mwepesi, na kwa siku chache mgonjwa husifu. Lakini kisima chake kiko juu katika mfupa, nacho hakikauki. Tundu lililopasuliwa huwa mlango ambao vijidudu vya nje huingia, vikapanda katika ala ya soasi mpaka katika pingili zilizo wagonjwa tayari. Huwa donda ndugu lisilofungika, likitoa maji mwaka baada ya mwaka, na wengine zamani walikufa kwa homa ya usaha ambao haukuwamo kabla ya wembe. Wala jambo hili halikuwa la waganga wa vijijini peke yao. Madaktari wakubwa wa Ulaya waliliogopa hata wengine wao walikataa kabisa kuligusa jipu la soasi, wakaliacha lipasuke lenyewe. Mwaka 1867, Joseph Lister, aliyekuwa mpasuaji katika mji wa Glasgow, alipotangaza njia yake ya kuua vijidudu vya vidonda kwa dawa ya kaboliki, majipu ya namna hii yalikuwa miongoni mwa mambo aliyoyataja. Alionyesha kwamba yaweza kufunguliwa bila kuoza, mradi mlango ulindwe.

Ugonjwa wenyewe ni wa kale mno. Katika maiti zilizokaushwa na Wamisri, alikuwapo kuhani mmoja wa mungu Amuni, jina lake Nesperehan, aliyeishi Thebes zamani za ukoo wa 21 wa wafalme, yaani yapata miaka 3,000 iliyopita. Mwaka 1910 mabwana Elliot Smith na Ruffer walieleza habari za mwili wake. Mgongo ulikuwa umevunjika na kutokeza kibiongo, na kando yake, katika njia ile ile ya soasi, palikuwa na alama ya jipu kubwa lililoteremka. Waliomkausha walitoa matumbo yake, wakamtia dawa na kumfunga sanda, na ugonjwa wake ukabaki umehifadhiwa pamoja naye.

Ulaya, jina lililobaki katika ugonjwa huu ni la Percivall Pott, mpasuaji wa hospitali ya St Bartholomew's, London. Mwaka 1779 aliandika juu ya watu waliopooza miguu pamoja na kupindika mgongo, akaonyesha kwamba kupooza huko kulitokana na ugonjwa wa pingili. Hakujua kijidudu chake, wala hakuna aliyekijua mpaka tarehe 24 Machi, 1882, Robert Koch aliposimama Berlin na kukitangaza.

Yafaa kurudi kwenye musuli, kwa sababu soasi haifichi usaha tu. Imeficha pia mishipa ya fahamu. Jozi 4 za kwanza za mishipa itokayo uti wa mgongo mahali pa kiuno huingia moja kwa moja katika nyama ya soasi. Humo hugawanyika, huungana na kugawanyika tena, kama njia za reli katika stesheni kubwa, ndipo kila mshipa utokee kwa mlango wake. Miwili huzunguka kiuno na kwenda chini ya tumbo mpaka kinenani. Mmoja huutoboa musuli na kutokea mbele yake, ukashuka mpaka korodani na ngozi ya juu ya paja. Mmoja huenda ngozi ya paja upande wa nje. Ulio mkubwa kuliko wote hutokea upande wa nje wa soasi, ukaiendesha misuli ya mbele ya paja inyoshayo goti. Na mwingine, uitwao obturata, hutokea upande wa ndani, ukaiendesha misuli ibanayo mapaja pamoja.

Ajuaye ramani hii huelewa mambo mengi ambayo kwa wengine ni kama miujiza. Daktari apigapo chini ya kilimbili cha goti kwa nyundo yake ndogo ya mpira na mguu ukaruka wenyewe, habari imepanda kwa mshipa wa paja, ikapita katika soasi, ikaingia uti wa mgongo na kurudi kwa njia ile ile, yote kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mguu usiporuka, daktari huanza kutafuta njia imekatika wapi. Mtu mwenye kijiwe katika mrija wa mkojo, ambao umelala juu ya soasi kama kamba juu ya gogo, huona maumivu yakitoka kiunoni na kushuka mpaka kinenani na korodani, ingawa korodani zake hazina ugonjwa wo wote. Mtoto mwenye ugonjwa wa nyonga hulia kuwa goti lamwuma. Goti likapakwa dawa na kufungwa kitambaa, na nyonga ikaendelea kuharibika, kwa sababu mshipa wa obturata na ule wa paja huchukua habari za nyonga na za goti pia, na ubongo hukosea mlango. Kwa ajili hiyo mtoto alalamikaye goti, na goti lenyewe halina uvimbe wala joto, hana budi kuangaliwa nyonga.

Hata wakubwa wamesumbuliwa na mishipa hii. Sigmund Freud, yule daktari wa Vienna aliyepata sifa kwa habari za nafsi na ndoto, alikuwa na ganzi na mwasho katika ngozi ya nje ya paja, akaandika habari zake mwaka 1895. Ni ule mshipa wa nje, ambao hubanwa mahali upitapo karibu na kano ya kinena. Mshipi uliokazwa mno huweza kuleta jambo hilo, na unene wa tumbo pia. Si ugonjwa wa kuua.

Soasi huwapa madaktari msaada mwingine katika ugonjwa wa kidole tumbo. Kidole hicho kikiwa kimelala nyuma ya utumbo, juu ya soasi ya kulia, na kikivimba, tumbo kwa mbele laweza kuwa laini na kudanganya. Daktari humlaza mgonjwa kwa ubavu wa kushoto na kulivuta paja la kulia kwa nyuma. Soasi hunyoshwa, kidole kilichovimba huguswa, na mgonjwa hupiga kelele. Yako pia majipu ya soasi yasiyo ya kifua kikuu, yaletwayo na vijidudu vya majipu ya kawaida. Hayo huja kwa haraka, kwa homa kali, na hayangoji miezi. Na mtu atumiaye dawa za kuzuia damu isigande, akipata ghafula maumivu ya kinena na udhaifu wa kunyosha goti, yafaa aende hospitali siku ile ile, maana damu huweza kuvuja ndani ya misuli hii na kuubana mshipa wa paja.

Mtoto mwenye ugonjwa wa pingili aweza kujulikana mapema kwa jaribio lisilo na gharama. Huangushwa senti sakafuni, mbele yake, akaambiwa aiokote. Mtoto mzima huinama tu na kuichukua. Mwenye ugonjwa hainamishi mgongo wake. Huchutama ukiwa umenyooka kama ubao, mkono mmoja ukiegemea paja, akaiokota kwa pembeni, kisha hujipandisha kwa kushika mapaja yake. Hufanya hivyo bila kufundishwa, maana mwili wake umekwisha kujua mfupa uumao. Mzazi aonaye jambo hilo asingoje kibiongo. Picha ya eksirei huonyesha pingili zilizolika, na siku hizi mashine za sumaku huonyesha hata ala ya soasi iliyojaa usaha, zamani kabla uvimbe haujafika kinenani.

Tiba ya ugonjwa huu ilikuwa mateso. Mpaka kati ya karne ya 20 wagonjwa walilazwa chali miezi mingi, pengine miaka, ndani ya maganda ya plasta, watoto wakikua humo kitandani na kusahau kutembea. Dawa ya streptomaisini iligunduliwa Marekani mwaka 1943, na isoniazidi ikaanza kutumika mwaka 1952. Hata hivyo madaktari hawakuthubutu kuliacha ganda la plasta. Ndipo katika miaka ya 1960 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilipofanya jambo la ujasiri. Katika mji wa Masan, Korea, wagonjwa wengine walilazwa hospitali kwa miezi 6, na wengine wakapewa dawa na kuruhusiwa kutembea tangu mwanzo. Katika Pusan, wengine walivikwa plasta na wengine hawakuvikwa. Majaribio mengine yalifanywa Bulawayo na Hong Kong, kuhusu kupasua. Matokeo yalipotangazwa tangu mwaka 1973 yalionyesha kwamba, ikiwa dawa zanywewa sawasawa, kulala kitandani hakukuongeza faida, wala plasta haikuongeza. Operesheni iliyofanywa Hong Kong ilifaa kwa kunyosha mgongo na kuunganisha mifupa upesi, lakini si kila mtu aliyeihitaji.

Afrika Mashariki nayo ina sehemu yake katika habari hii. Mwaka 1970 hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia zilishiriki katika jaribio lililoonyesha kwamba kifua kikuu cha mapafu, ambacho wakati ule kilitibiwa kwa miezi 18, chaweza kuponywa kwa miezi 6 ikiwa rifampisini itaongezwa katika dawa. Habari hiyo ilibadili tiba ya dunia nzima, na waliomeza vidonge vya kwanza walikuwa wagonjwa wa huku. Kwa mgongo madaktari wengi hurefusha dawa mpaka miezi 9 au 12. Katika hospitali za serikali ya Kenya dawa hizo hutolewa bila malipo.

Na jipu la kinenani? Likiwa dogo huachwa. Dawa zikisha kukiua chanzo chake juu, lenyewe hukauka polepole. Likiwa kubwa, daktari hulitoa usaha kwa sindano nene au kwa mrija mdogo. Wapasuaji wa kale, kabla ya dawa, walifundishana wasichome juu kabisa ya uvimbe, bali waingize sindano kwa mbali, katika ngozi nzima, na kuipitisha kwa mshazari, ili tundu lijifunge lenyewe sindano itokapo. Usaha hupelekwa kupimwa. Mgonjwa huenda nyumbani na vidonge vyake, akichechemea bado, na kwa majuma machache hawezi kuona badiliko kubwa ila kwamba homa ya jioni haiji tena. Kisha asubuhi moja hunyosha paja lake kitandani nalo likanyoka.